Mkoba Mweusi na Mianzo ya Batula

Kwa miaka mingi mtaa mzima wa Bulla Pesa, pale Isiolo, uliamini kwamba Dokata, mke wa Jillo dalali wa ng'ombe, ndiye fundi wa gorfa asiye na mpinzani. Gorfa ni kile chombo kirefu cha maziwa kinachofumwa kwa nyuzi za mizizi, zikabanwa mpaka hata tone halipenyi. Aliyekuwa na gorfa iliyolegea mdomo aliipeleka kwa Dokata. Aliyekuwa na kifuniko kisichokaa sawa alikwenda kwa Dokata. Hata akina mama wa Garbatulla, wakija mjini na mbuzi wa kuuza, walipitia kwake kumwonyesha kazi zao. Alizishika, akazigeuzageuza, akasema, "Hapa ulikuwa na haraka," na mwenye kazi akakubali kwamba ndiyo, hapo alikuwa na haraka.

Kumbe fundi mwenyewe hakujua kuanza.

Kuendelea alijua, tena alijua sana. Ukimpa gorfa iliyokwisha kuanzwa, hata kama ni ndogo kama kiganja cha mtoto, angekurudishia chombo cha kumpelekea mkwe. Lakini gorfa huanzia chini kabisa, katikati, mahali ambapo wafumaji hupaita kitovu. Hapo nyuzi chache hupishana, uzi mmoja huzifunga, kisha mzunguko hufuata mzunguko. Ukishapata kitovu, kilichobaki ni subira tu. Ukikikosa, umebaki na furushi la mizizi mapajani. Na chombo kikishakamilika, chini hushonewa ngozi, kitovu kikafunikwa, na hakuna jicho litakalokiona tena. Kwa hiyo hata Dokata angeitazama gorfa ya marehemu mama yake kutwa nzima, asingeambulia kitu, labda aichane. Na kuichana gorfa ya mama, hilo hata kuliwaza aliona haya.

Mama yake alikuwa Batula wa Sericho. Wazee wa kule wakilitaja jina hilo hadi leo hutikisa kichwa. Batula alifuma kama watu wengine wanavyopumua, wala hakujivuna. Dokata alikulia miguuni pake, katikati ya harufu ya mafuta na moshi, na mikono yake ikazoea kazi kabla hajang'oka meno ya utoto. Ila kulikuwa na asubuhi fulani fulani ambazo hakuzipenda. Ni zile asubuhi ambazo Batula alikuwa anaanza chombo kipya. Mifugo ikishatoka, alikaa mlangoni penye mwanga, uso nje, mgongo ndani, kichwa kimeinama, na hakusema na mtu.

"Aayo, nikusaidie?" mtoto Dokata alimwuliza mama yake siku moja, akiwa na miaka saba au minane.

Kichwa cha Batula kilibaki kimeinama.

"Aayo, nikae hapa nione?"

Batula alitoa sauti ndogo, mm, akapunga mkono mara moja pembeni, bila kugeuka. Basi mtoto akaelewa kwamba anafukuzwa. Akaondoka, akaenda kuchezea mawe nyuma ya nyumba. Baadaye mama akamwita kwa sauti yake ya kila siku, akamwekea mkononi kile kitovu tayari kimekaza, akasema, "Haya, endelea." Kila mara ikawa hivyohivyo. Mama anaanza, binti anaendelea. Dokata hakuuliza tena. Alikua, akaolewa, akazaa, na rohoni alibeba jambo moja ambalo hakumwambia hata Jillo: kwamba mama yake, aliyempa kila kitu, kuna kitu kimoja hakumwamini nacho.

Ukame wa mwaka wa sabini na tatu ulipowamaliza ng'ombe, Jillo alihamia mjini na mkewe na binti zao wanne, akaanza kuuza ng'ombe wa watu wengine. Dokata akaanza kuuza maziwa. Batula alibaki Sericho kwa mwanawe, na mwaka uliofuata ikaja habari kwamba hali yake si nzuri. Dokata alisafiri siku mbili juu ya lori, kati ya magunia na mbuzi, akila vumbi, na kila lori lilipokwama mchangani alikuwa wa kwanza kuruka chini kusukuma, kana kwamba mabega yake ndiyo yangelifikisha. Alimkuta mama hai. Macho yalikuwa yamekwenda, lakini mikono ilikuwa bado na akili yake. Batula akavuta kutoka chini ya kitanda mfuko wa ngozi, akaufungua kwa vidole. Ndani mlikuwa na vitovu vinne, vimekaza, vimenyooka, nyuzi zake zimechanua pande zote.

"Binti zako ni wanne," alisema. "Haya, endelea."

Hapo ndipo Dokata alipaswa kuuliza. Swali lilimfika kwenye ulimi. Lakini aliona kumwuliza mgonjwa siri ya kazi yake ni kama kunyoosha mkono kwenye urithi kabla mwenyewe hajalala chini. Akalimeza. Siku ya tano walimzika Batula, na swali likazikwa naye.

Akarudi mjini na mfuko wake. Ado, binti wa kwanza, aliolewa mwaka wa sabini na sita, akatoka nyumbani na gorfa iliyoanzwa na bibi yake na kumalizwa na mama yake. Wa pili alifuata mwaka wa sabini na tisa, wa tatu mwaka wa themanini na tatu. Kila mara Dokata alifuma polepole kupita kiasi. Jirani walidhani ni ufundi. Haukuwa ufundi. Ni kwamba pale chini, kwenye mizunguko ile ya kwanza, palikuwa na mkono wa mama, na yeye hakutaka kufika mbali napo. Alikuwa akikaa uani asubuhi na kitovu kile mapajani, chai inapoa, na kwa muda huo Sericho ilikuwa hapo hapo, na ng'ombe wote walikuwa hai.

Mara moja alijaribu kuuliza. Alikwenda hadi kwa ajuza mmoja wa Garbatulla, akampelekea sukari na majani ya chai, akazungukazunguka na maneno, mwisho akasema anataka kuonyeshwa jinsi ya kuanza gorfa. Ajuza alicheka hadi akashika mbavu. "Binti ya Batula ananiuliza mimi! Unataka kunipima kama nimezeeka, eeh?" Akakataa katakata kushika hata uzi mmoja mbele yake, kwa hofu ya kuchekwa. Dokata akacheka naye, akanywa chai yake, akarudi nyumbani. Hivyo ndivyo sifa zinavyoweza kumfungia mtu mlango.

Mwaka wa themanini na saba ikawa zamu ya Kabale, kitinda mimba. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, msichana mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi kule Rapsu alikuwa ameleta wazee. Harusi ikapangwa baada ya Iddi, miezi minne mbele. Dokata akauteremsha mfuko wa ngozi kutoka juu ya kabati, akaufungua. Mkono wake ukatoka na unga.

Mchwa. Walikuwa wameingia kwa nyuma, ukutani, wakala ngozi, wakala uzi, wakaacha udongo. Kitovu cha nne hakikuwapo tena.

Alikaa sakafuni, unga mkononi. Hakulia. Angelia kama kingekuwa chombo kilichovunjika, maana chombo hufumwa kingine. Sasa hiki?

"Aayo, yangu unaanza lini?" Kabale alimwuliza jioni ile ile, akisuka nywele zake mbele ya kioo.

"Karibu."

"Usiache mpaka mwisho kama ya Ado. Hiyo ulimaliza watu wakiwa mlangoni. Na mimi nataka ya akko, ya bibi mwenyewe, kama wao. Sitaki kuenda Rapsu na mtungi ya plastiki watu waseme sina nyumba."

"Nimesema karibu, Kabale."

Kwa wiki tatu Dokata alijificha na mizizi yake kama mwizi. Alipishanisha nyuzi hivi, akazipishanisha vile. Akizikaza upande mmoja, upande wa pili ulifumuka. Alichopata kilifanana na kiota cha ndege aliyehama. Alikichoma jikoni kabla mtu hajakiona. Wakati huo huo wanawake walikuwa wakimpitia kumpongeza. "Gorfa ya Kabale lazima itakuwa kiboko!" walisema, naye akiitikia inshallah, inshallah, huku jasho likimtoka.

Sasa tumfikie Wakiuru.

Wakiuru aliuza mitumba sokoni, meza moja tu kutoka mahali Dokata alipopanga maziwa yake. Alitoka Murang'a, alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye Archer's Post, na kila alipofungua robota jipya soko zima lilisogea, hata wasiokuwa na haja ya nguo. Jumanne hiyo alitoa makoti, akatoa sweta, akatoa suruali ya mtu mwenye mguu mmoja mrefu, halafu akatoa kitu, akanyamaza. Kwa Wakiuru kunyamaza kulikuwa habari.

"Ngai! Sasa hii ni nini?"

Kilikuwa kama mkoba, lakini mkoba uliokosana na fundi wake. Ulikuwa mweusi, umefumwa kwa kamba nyembamba ngumu, mzunguko juu ya mzunguko. Ulikuwa na mishikio miwili ya ngozi, mmoja mfupi wa kushika mkononi na mwingine mrefu wa kufika magotini, kwa hiyo ukiishika yote miwili mkoba ulipinda ukaangalia pembeni. Kwenye ubavu palikuwa na zipu. Ukiifungua, hukuti mfuko, unakutana na tumbo la mkoba wenyewe. Mishono yote ilikuwa nje, na ndani ndiko kulikokuwa laini. Mbele, mahali ambapo watu wenye akili zao huweka ua au kifungo cha kung'aa, palikuwa na duara la nyuzi zilizopishana, na ncha zake zikining'inia bila kukatwa, moja ndefu kuliko zote. Kitambaa chenye jina la waliouunda kilishonwa nje, kwa mishono minne mikubwa myeupe, kama kiraka.

"Huyu alishona amelewa," muuza nyama alisema.

"Hapana, alishona akikimbizwa," mwingine akajibu.

Mmoja aliuvaa kichwani akatembea nao, akina mama wakacheka hadi machozi. Siku mbili, tatu, hakuna aliyeununua. Wakiuru akautundika kwenye msumari, akawa anaweka humo viazi vyake vya mchana.

Dokata hakucheka. Siku ya kwanza aliutazama kwa mbali. Siku ya nne akaja, akasalimu, akauchukua kwenye msumari na viazi vyake ndani, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mizunguko.

"Wakiuru. Huyu mama alikufa?"

"Mama gani, Mama Ado?"

"Huyu alifuma hii. Ona mkono yake. Hii ni mkono ya mtu anajua. Lakini hajamaliza. Hajakata nyuzi, hajaweka ngozi chini. Mtu wa mkono kama hii hawezi kuacha kazi hivi. Alikufa nayo mkononi, halafu watu wake wakatupa."

Wakiuru alimtazama rafiki yake akaona hatanii. Macho ya Dokata yalikuwa yamejaa maji, na ukweli ni kwamba hakuwa akimlilia mama wa ng'ambo.

"Si uchukue tu," Wakiuru alisema kwa sauti ambayo soko halikuizoea, ya chini. "Hapa inanimalizia msumari bure. Toa tu viazi yangu."

Dokata akaondoka na mkoba kifuani. Alikuwa ameshaamua. Kazi ya mfumaji aliyekufa haiachwi hivyo. Ataimalizia, na kama Mungu akipenda itakuwa chombo cha maziwa kama ilivyokusudiwa. Tusimcheke bado. Alichokiona ni mizunguko iliyobanwa, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona mtu akibana kamba namna ile ili abebee viazi.

Alifanya kila kitu kwa taratibu zake. Akaupaka mafuta, ndani na nje, mpaka ukameremeta. Akauacha juani. Kisha akawasha vijiti vya mzeituni mwitu kwenye kigae, akaufunika mkoba juu yake, mdomo chini, kama anavyofukiza gorfa mpya ili maziwa yakae bila kuharibika na yanukie. Jillo akarudi kutoka mnadani akaukuta ua umejaa moshi.

"Unafukiza mkoba?"

"Si mkoba."

"Dokata, hiyo ina zipu."

"Nimeishona."

Akaugeuza, akamimina maziwa ya asubuhi. Kwa muda wa kuhesabu hadi tano mkoba ulijitahidi, na lazima tuupe haki yake, kwani mizunguko haikuvuja hata tone. Halafu zipu ikaachia, na maziwa yote yakatoka ubavuni kwa mkupuo, yakaingia kwenye kiatu cha Jillo. Jillo akautazama mguu wake. Akamtazama mkewe. Kicheko kilianza kwake, kikampata Dokata, kikamwangusha chini, na Kabale alipotoka ndani kuona kuna nini aliwakuta wazazi wake wameketi kwenye tope la maziwa wakifuta machozi. Dokata hakuwa amecheka tangu siku ya mchwa.

Mkoba ulikuwa bado unakauka juu ya ua wa miiba wakati Magdaline alipokuja kununua maziwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Nyeri, mpole, mwenye tabia ya kusoma chochote kilichoandikwa, hata karatasi iliyofungiwa njugu. Akainama mbele ya kile kiraka.

"Mama Ado, hii ni Kijapani. Ni kama ile maandishi ya pampu ya shule. Siwezi kusoma, lakini hapa chini wameandika Tokyo."

"Ni mama wa huko aliyekufa," Dokata akamwambia, akamweleza habari yote, pamoja na maziwa.

Magdaline alichukua maziwa yake akaenda. Wiki iliyofuata alikuja na gazeti la picha ambalo dada yake, mfanyakazi wa hoteli Nairobi, humpelekea wageni wakishaliacha. Akalifungua mahali alipokunja. Palikuwa na msichana mwembamba mwenye uso wa kuchoka, amevaa koti jeusi lenye mkono mmoja, na begani pake unaning'inia ndugu wa mkoba ule ule, umepinda vile vile.

"Hakuna mtu alikufa," Magdaline alisema. "Ni watu wa mitindo, wako hai. Wanashona nguo zikiwa na matundu, wanaweka mishono nje, mikono tofauti. Matajiri huko Ulaya wanapanga laini kununua. Hii mkoba ilikuwa ghali sana kabla ifike kwa Wakiuru. Imeisha hivyo. Hivyo ndivyo walitaka."

"Walifanya kusudi?"

"Kusudi kabisa. Ngoja nikusomee." Akafuata mistari kwa kidole, akitafsiri taratibu. "Aliyebuni anasema... vitu vingi vinaficha jinsi vilivyotengenezwa. Yeye anataka anayebeba aone mahali kazi ilianzia."

Dokata alikuwa ameshika kibuyu cha kupimia maziwa. Akakiweka chini. Magdaline aliendelea kueleza jambo fulani kuhusu bei, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Dokata alikuwa ameshafika kwenye ua, ameuchukua mkoba, ameugeuzia kwenye mwanga, na anaangalia lile duara la mbele ambalo muuza nyama alilicheka. Kitovu. Wiki mbili alikuwa nacho mikononi, akakipaka mafuta, akakifukiza moshi, na hakukiona, kwa sababu alikuwa akitafuta pa kukatia nyuzi. Hakikufunikwa kwa ngozi wala kwa kitu chochote. Mtu fulani mbali huko, asiyemjua na ambaye hatamjua, alikuwa amekaa mlangoni penye mwanga, akageuka, akamwambia tazama.

Kesho yake asubuhi, Jillo akiwa mnadani, Dokata alichukua kamba ya mizizi, akakaa mlangoni, uso nje palipo na mwanga, mkoba mbele yake juu ya kigoda. Akahesabu. Nyuzi sita zimelala, sita zimepita juu yake, mbili mbili, na ule mrefu, wenye ncha inayoning'inia, ndio unaozifunga zote. Akazipanga hivyo hivyo. Mkono wa kushoto ukashika zilizolala, wa kulia ukashika zilizopita juu. Vizuri. Sasa ule mrefu lazima uvutwe ukiwa umekaza, tangu mwanzo, la sivyo zote zinafumuka. Uvutwe na mkono upi? Mikono miwili imekwisha. Akajaribu kwa goti, ukateleza. Akajaribu kwa kidole cha mguu, ukalegea. Alijaribu tena na tena, jua likapanda, na hasira zikaanza kumpanda pia. Mwishowe, bila hata kufikiri, akainamisha kichwa, akauuma ule uzi kwa meno ya pembeni, akavuta.

Zikakaza. Nyuzi kumi na mbili zikakaa pamoja, zimetulia mikononi mwake.

Alizungusha mara ya kwanza. Uzi ulikuwa na ladha ya udongo na ya mafuta ya zamani, na shingo yake ilibidi iiname sana, kidevu karibu na kifua, na asingeweza kugeuka hata kama angetaka. Mzunguko wa pili. Nyuma yake akasikia nyayo.

"Aayo? Unaanza?" Ilikuwa sauti ya Kabale, imejaa furaha. "Nikusaidie?"

"Mm," alisema Dokata, maana kinywa kilikuwa na uzi. Akaachia kidole kimoja, akapunga haraka pembeni, kaa hapa, kaa hapa upande huu.

Nyayo zikasimama.

"Pole, Aayo," Kabale akasema, na furaha ilikuwa imetoka sautini. "Sikujua hutaki mtu. Nitakuja baadaye."

Nyayo zikaanza kuondoka.

Dokata akakumbuka. Aliona mgongo wa mtoto wa miaka saba ukienda nyuma ya nyumba kuchezea mawe. Mm, na mkono pembeni. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa ameibeba mm ile kama jiwe kiatuni, na kumbe mama alikuwa na uzi mdomoni. Hakufukuzwa. Aliitwa. Mama alikuwa akimwonyesha pa kukaa, na mtoto akaondoka, na mama, aliyekuwa na mgongo ndani na uso nje, alipomaliza akatazama akaona hakuna mtu. Labda alidhani binti hapendi kuanza, anapenda kuendelea. Labda ndiyo sababu hakumlazimisha. Labda ndiyo sababu, kipofu, anakufa, alikaa akauma nyuzi kwa meno yaliyobaki na kumwanzia vinne, ili asisumbuke.

Kitovu kilikuwa kimepata mizunguko miwili. Mmoja zaidi na kingejishikilia chenyewe. Akifungua kinywa, kazi ya asubuhi nzima inakwenda na maji.

Akafungua kinywa.

"Kabale!" aliita kwa sauti ya kuita mtu aliye Sericho. Uzi ukaruka, nyuzi zote zikafumuka mapajani pake, zikatawanyika. "Kabale, rudi! Rudi mama, rudi hapa. Sikukufukuza. Wallahi sikukufukuza."

Kabale alirudi mbio akamkuta mama yake analia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa leo, na mapajani ana furushi la mizizi.

"Imeharibika! Aayo, ni mimi nimekuharibia?"

"Achana nayo. Tutaanza tena." Dokata akamvuta mkono, akamkalisha mlangoni bega kwa bega, nyuso zao nje penye mwanga. Akaokota nyuzi, sita zilale, sita zipite juu. Akauchukua ule mrefu, akaupangusa kwa kanga, akamwekea binti yake mdomoni, upande wa magego.

"Uma hapa. Kaza. Usiachilie hata nikisema nini."

"Mm?" Kabale aliuliza, macho yamemtoka.

"Najua huwezi kusema. Usiseme. Sikiliza tu," alisema Dokata, na akaanza kuzungusha, akimweleza kila kitu tangu uzi wa kwanza.